Re: Udaktari wa afya ya umma, nikope au nisubiri?

Kutoka: Nesi, Minneapolis

Habarini wana jumuiya, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo yenu kabla sijasaini kitu. Mimi ni nesi, nimefanya kazi wodi ya wazazi tangu nyumbani mpaka huku, masters ya afya ya umma nimeisoma hapahapa usiku usiku huku napiga shifti, na grinikadi nimeshapata. Sasa nimepata admisheni ya DrPH, yaani udaktari wa afya ya umma, ya kusoma kwa mtandao ila hakuna ufadhili, wanataka nijaze fomu za mkopo. Mume wangu anasema tusubiri, dada yangu anasema chukua tu utalipa ukishakuwa daktari. Ninachokipenda mimi hasa ni utafiti, nataka kujua kwa nini vifo vya kina mama vinashuka mkoa mmoja na mkoa wa jirani havishuki. Nasikia PhD watu wanalipwa kusoma, ni kweli au ni stori za mjini? Wanangu bado wako shule. Natanguliza shukrani.

Kutoka: Mdau, Madison

Dada, pole na shifti na hongera kwa kufika hapo. Huo mkopo usiusaini, nakuomba sana.

Hizo ni digrii mbili tofauti na watu wetu wengi wanazichanganya. DrPH ni ya mtu anayetaka kuongoza idara ya afya au mashirika, ni digrii inayoheshimika, ila sehemu nyingi unajilipia au mwajiri anakulipia. Wewe umetaja utafiti, basi njia yako ni PhD, na PhD ya Marekani kwenye idara nzuri inakuja na pesa yake: ada inafutwa, bima ya afya unapewa, na posho inaingia kila mwezi, wewe unamsaidia profesa utafiti au unafundisha, mara nyingi saa 20 kwa wiki. Hapa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kuna idara ya Population Health Sciences (sayansi ya afya ya jamii), Harvard nao wana PhD yenye jina hilohilo, na vyuo vingine wanaiweka ndani ya epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, kwa hiyo usitafute kwa jina moja tu. Ukipewa nafasi ya PhD bila pesa washukuru halafu endelea kutafuta. Na huo mkopo wenyewe, sheria ya 2025 imefunga Grad PLUS, ule mkopo wa ziada wa serikali kwa wanaosoma baada ya digrii ya kwanza, kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, kwa hiyo pale mkopo wa kawaida wa serikali usipotosha utaelekezwa benki, na riba za benki unazijua.

Sasa hiyo grinikadi yako, hapa naomba wengine pia msome vizuri maana wengi wetu tunaichukulia ni karatasi ya kazi tu. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, wana mafungu ya kusomesha watafiti. T32 inapewa chuo halafu chuo kinachagua wanafunzi wa kuwaingiza, F31 unaiomba mwenyewe ukiwa umeshaanza PhD, pamoja na supavaiza wako. Yote mawili ni kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu, mwenye viza ya mwanafunzi (F-1) hapati hata awe bingwa wa darasa. Kwa hiyo unapomwandikia profesa taja mapema, sentensi moja tu, kwamba una ukaazi wa kudumu. Kwake hiyo ni habari njema, anajua kuna mfuko wa pili wa kukuombea pale pesa ya mradi wake ikiisha, na tangu 2025 miradi mingi imekatwa ghafla, vyuo vingine vimepunguza wanafunzi wanaowachukua, kwa hiyo aplai sehemu kadhaa usiweke roho yako yote kwa chuo kimoja.

Kuhusu familia nisikufiche. Posho ya NIH mwaka 2024 ilikuwa dola 28,224 kwa mwaka, vyuo vingi vinaongezea juu yake lakini haifikii mshahara wa nesi. Kaa na shemeji, andikeni kodi ya nyumba, chakula, watoto, na ile mnayotuma nyumbani ambayo huwa hatuiandiki, muone pengo ni kiasi gani. Halafu uliza idara kama inaruhusu shifti ya wikendi, maana mafungu mengine yana masharti ya kazi za nje. Kuna na suala la IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani: posho ya fellowship (ufadhili wa masomo) mara nyingi inakuja nzima bila kukatwa, lakini kodi inadaiwa, unailipa mwenyewe kila robo mwaka kwa fomu 1040-ES. Fungua akaunti ya pembeni mwezi wa kwanza, kila posho ikiingia sehemu ya kodi inahamia huko.

Dedilaini nyingi za maombi ya PhD ni mwezi wa Desemba, kuanzia tarehe 1. Ofa yenye pesa, vyuo vingi vimekubaliana kukuachia mpaka 15 Aprili uamue, kwa hiyo usikubali kukimbizwa. Cha kuanza nacho leo ni transkripti ya nyumbani, wakaguzi wa vyeti vya nje kama WES wanataka itoke chuoni moja kwa moja, na barua pepe peke yake haisogezi faili. Mtume ndugu aende dirishani, alipie, achukue risiti na akufahamishe imetumwa lini.

Kutoka: Mdau, Leeds

Niongeze ya huku kwa wanaosoma kimya kimya. Uingereza unatafuta nafasi yenye fungu, admisheni peke yake haikusaidii. Fungu za UKRI, shirika la serikali la kufadhili utafiti, tangu 2021 zimefunguliwa kwa wanafunzi wa nje kwa ukamilifu ila wasizidi asilimia 30 ya kundi, posho ya 2025/26 ni pauni 20,780 kwa mwaka. Commonwealth (Jumuiya ya Madola) wana ufadhili wa PhD kwa nchi kama Tanzania na Uganda lakini inataka uwe unaishi nyumbani, kwa hiyo hiyo mpelekee mdogo wako, wewe wa huku haikuhusu. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masters ya darasani haruhusiwi kuja na familia, wa PhD anaruhusiwa, ila kila mmoja analipiwa ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, na inalipwa yote mwanzoni na viza. Mkiwa watano piga hesabu mapema.

Uswidi nao msiwasahau. Kule PhD inatangazwa kama ajira, una mshahara na likizo, ada hakuna. Ushindani mkali lakini tangazo likitoka aplai.

Kutoka: Nesi, Minneapolis

Jamani asanteni sana, nimemsomea mume wangu yote na yule dada yangu nimemtumia. Sasa profesa namwandikia nini? Nimeanza na "nina mapenzi makubwa na afya ya kina mama".

Kutoka: Mdau, Madison

Hiyo sentensi itoe dada, wote wanaiandika. Anza na swali ambalo mtu wa wodini tu ndiye angeliuliza. Ripoti ya TDHS, ule utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu Tanzania, ya 2015-16 ilisema vifo vya kina mama Tanzania ni 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ya 2022 ikasema 104. Wewe umepokea wale mama usiku, wengine wameletwa na bodaboda, damu hakuna. Nini kilibadilika pale? Upasuaji ulisogea kwenye vituo vya afya, rufaa ziliharakishwa, au kuna vifo ambavyo dodoso halivioni? Chagua kimoja, mistari mitano inatosha.

Halafu soma makala mbili za huyo profesa, useme swali lako linagusana nazo wapi. Muulize mawili tu: anachukua mwanafunzi mwaka ujao, na pesa ya kuanzia mwaka wa tatu inatoka wapi. Hilo la pili watu wanaona aibu kuuliza na ndilo linalowaumiza baadaye. Akikaa kimya wiki mbili mkumbushe mara moja. Akijibu vizuri omba kuongea na mwanafunzi wake wa sasa bila yeye kuwepo.

Rasimu nitumie pembeni, usiweke hapa kwenye kundi. Jumapili nikitoka kanisani naisoma.