Mrejesho: chanzo cha 404 kwenye tovuti yangu kimepatikana

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini tovuti yangu ya masomo ya kilimo cha mboga inapata makosa ya 404 (ukurasa haupatikani) kila siku, wakati viungo vyote vya ndani nilishavikagua na ni vizima. Nawashukuru mliojibu, hasa aliyeniambia niache kubahatisha nisome kumbukumbu za seva, yaani orodha ya kila ombi la ukurasa linalofika kwenye tovuti.

Kwenye kila ombi kuna sehemu inayotaja ukurasa alikotoka mgeni, lakini kwa makosa haya ilikuwa na kistari tu. Siku mbili nilikwama hapo. Kisha nikazitazama anwani zenyewe kwa utulivu: karibu zote ziliishia na %E2%80%9D. Hiyo ni alama ya kufunga nukuu, ile iliyopinda, ikiandikwa kwa UTF-8, mfumo wa kuwakilisha herufi kwenye kompyuta. Yaani mtu aliweka kiungo ndani ya nukuu, na alama ikamezwa na kiungo.

Nikawaulizia wasomaji wangu, mmoja akanitumia kijitabu cha PDF kinachozunguka WhatsApp. Ndicho! Anayebofya kutoka humo hatokei kwenye tovuti yoyote, ndiyo maana ya kile kistari.

Walioandaa wamekubali kusahihisha, ila nakala za zamani hazirudishiki. Kwa hiyo nimeweka kanuni ya 301 (ya kuelekeza anwani moja kwenda nyingine moja kwa moja) inayoondoa alama hiyo na kumfikisha mtu kwenye somo lenyewe. Tangu juzi sijaona hata kosa moja la aina hiyo. Iliniuma sana kufikiria mkulima anatumia bando lake kutafuta dawa ya kantangaze (mdudu anayeshambulia nyanya), anaambiwa ukurasa haupo.