AutoCAD 2007 (programu ya michoro): duara lina pembe, mistari ya mipaka inatetemeka

mpima37s
Wakuu, mchoro ni wa viwanja Dar es Salaam, koodineti za Arc 1960 UTM (mfumo wa ramani) kanda ya 37 Kusini, kwa mita. Duara za bikoni (alama za mipaka) zinaonekana zina pembe nane. Nikizumu karibu, mistari inatetemeka na hachi (ruwaza ya kujaza eneo) inakatika vipande. DIST (amri ya kupima umbali) inasoma sawa, chapa inatoka safi. REGEN (kuchora upya skrini) inanyoosha duara tu. Ni kadi ya grafiki au faili?

leya_sifuri
Mkuu, hayo ni mambo mawili tofauti.

Duara kwenye skrini ni vijistari vilivyounganishwa, na idadi yake hupangwa kwa zumu iliyokuwepo REGEN ilipofanyika. Andika VIEWRES (ulaini wa duara), jibu Y, weka 5000 (kawaida ni 1000, mwisho 20000). Hukaa ndani ya mchoro huo tu, basi iweke na kwenye templeti. Ukipandisha hadi 20000, kompyuta ya zamani italemewa kila REGEN.

Mtetemo unatokana na koodineti. Dar iko karibu na N (kaskazini) 9,247,000. Faili hutunza tarakimu 15 hivi, ndiyo maana DIST haikosei. Kadi ya grafiki hupokea namba za biti 32, tarakimu 7 tu. Kwenye milioni 9, namba hizo huruka mita 1 nzima. Kwenye E (mashariki) 525,000 huruka sentimita 6.

kona_kaskazini
Hakikisha kwanza: 3DCONFIG, Manual Tune, zima uharakishaji wa hadivea. Mtetemo ukiisha, umepata jibu.

Kuhamisha UCS (mfumo wa koodineti wa mtumiaji) hakusaidii hata kidogo, kunabadilisha usomaji tu. Ukitaka kuendelea na kadi ikiwa imewashwa, fanya hivi kwenye nakala: UCS irudi World, yeyusha na fungua leya (tabaka) zote (ALL huacha zilizogandishwa na zilizofungwa), MOVE, ALL, toka 525000,9247000 kwenda #0,0. Alama ya # isisahaulike: bila hiyo, dainamiki input (kuandika namba kando ya kishale) ikiwashwa, 0,0 inakuwa umbali na hakuna kinachosogea. Andika namba hizo mbili ndani ya mchoro. Kabla ya kukabidhi, rudisha kila kitu kilipokuwa.

mpima37s
Nimezima hadivea, mistari imetulia. Hachi bado.

leya_sifuri
Hachi huanza kuhesabu ruwaza toka 0,0, kilomita elfu tisa mbali. Andika HPORIGIN (chanzo cha hachi), bofya kona ya kiwanja. Hiyo ni kwa hachi mpya. Za zamani, HATCHEDIT moja moja, ubadilishe chanzo.