Kiko kimefika mrija umeachia upenyo, kopo moja linalia "tik": nimwandikieje muuzaji?

Mgosi_Ohio (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nipo Columbus, Ohio. Nimeagiza mtandaoni kiko kipya cha mti wa braya, dola 118, pamoja na makopo matatu ya tumbaku ya gramu 50. Mzigo umefika jana jioni, baridi kali, sanduku lilikuwa kama limetoka friza.

Mrija haujakaa vizuri kwenye shingo (ile mbao inayotoka kwenye bakuli la tumbaku): upande wa juu umegusana, upande wa chini kuna upenyo unaoonekana kwa macho. Kopo moja nikibonyeza kifuniko linalia "tik" na kurudi, mengine mawili hayabonyezeki. Ndani ya bakuli kumepakwa kitu cheusi, nikawaza nimepigwa mtumba. Halafu waya wa kusafishia ukiingia kwenye mdomo wa mrija unakwama katikati.

Nimepiga simu dukani, nimejibiwa "mbao ndivyo zilivyo". Masharti yao yanasema siku 30 kurudisha, kiko kiwe hakijavutwa. Sijakiwasha. Nianzie wapi? Na oda ijayo, mtu analijuaje duka lenye huduma nzuri kabla hajatoa hela? Naomba kuwasilisha.

Fundi_Mrija

Mkuu, hapo kwenye "sijakiwasha" ndipo pa maana kuliko yote. Kiberiti kikishagusa bakuli, karibu kila duka linakihesabu kiko kuwa mtumba, hata kama umevuta mara moja. Basi kiweke mbali na moto mpaka mambo yaishe.

La kwanza: kiache juu ya meza ndani ya nyumba saa 24 kabla hujakipima, na usiuzungushe mrija. Akriliki (plastiki ngumu) na vulkanaiti (mpira mgumu) zinazotengenezea mirija zikiwa baridi hukatika kirahisi. Mbao nazo hujaa na kunywea kwa unyevu, kwa hiyo mrija uliobana au kulegea leo unaweza kukaa sawa kesho. Baada ya saa 24, shika bakuli kwenye kiganja, si kwenye shingo, kisha zungusha mrija kuelekea upande wa mshale wa saa huku unasukuma taratibu. Ukivuta huku unapinda juu-chini, ulimi wa mrija (ile ncha inayoingia shingoni) unakatikia ndani, na hapo kosa ni lako.

Kisha kipime upya. Elekeza kiungo cha mrija na shingo kwenye taa. Mwanga ukipenya upande mmoja tu, ama ulimi umetobolewa upande, ama uso wa shingo haukusawazishwa. Hiyo ni kasoro ya kiwandani, baridi haihusiki, na jibu la "mbao ndivyo zilivyo" halisimami. Mwanga ukipenya sawasawa pande zote, hapo mbao inaweza kweli kuwa imenywea.

Weusi wa ndani usikutishe. Viko vingi vipya hupakwa unga wa kaboni uliochanganywa na kinata ili kulinda mbao kwenye mivuto ya mwanzo. Kiko kilichovutwa utakijua kwa mambo mengine: ukingo wa juu wa bakuli umeungua au kubadilika rangi, mdomo wa mrija una alama za meno, na ukinusa shingoni unapata harufu kali ya majivu mabichi.

Kuhusu waya, tueleze ni kiko cha aina gani. Vya kampuni ya Peterson vinavyoitwa System, ambavyo hati ya ugunduzi wake ni ya 1890, vina kisima ndani ya shingo cha kukusanya unyevu. Waya hauwezi kupita mpaka bakulini bila kuchomoa mrija, ndivyo vilivyobuniwa. Ukilalamikia hilo utaonekana hujui unachokinunua, na hata malalamiko yako ya haki yatapunguzwa uzito.

Mgosi_Ohio

Asante sana mkuu. Hiki ni cha kawaida, kimepinda kidogo, hakina kisima.

Fundi_Mrija

Basi kunja ncha ya waya kama sentimita moja, uingize huku unauzungusha. Kwenye viko vilivyopinda, ncha iliyonyooka hugonga pale ulimi unapokutana na tundu la shingo. Ukipita kwa ncha iliyokunjwa, hakuna kesi. Usipopita kabisa, matundu mawili hayakutani, na hapo moshi utapita kwa shida na maji yatajikusanya katikati, kiko kitakuwa kinakoroma kila ukivuta.

Ukishaona ncha imetokeza bakulini, angalia imetokezea wapi. Tundu la moshi linatakiwa lifungukie chini kabisa, katikati. Likiwa juu ya sakafu ya bakuli milimita 3 au 4, chini kutabaki tumbaku mbichi yenye maji kila siku, na hakuna namna ya kuvuta itakayoiondoa.

Jambo moja tafadhali: usijaribu kukitengeneza. Mtandaoni utaona watu wanapasha ulimi moto na kusukuma msumari ndani ili upanuke, au wanapiga msasa uso wa shingo. Ukishagusa, muuzaji ana sababu halali ya kukataa.

Bi_Kidawa

Mimi niongelee makopo. Makopo ya duara ya gramu 50 mengi hufungwa kwa kutolewa hewa, kama chupa ya jemu. Kifuniko kizima kimezama kidogo katikati na hakibonyezeki. Kikilia "tik", hewa imeshaingia. Haimaanishi tumbaku imeharibika, ila kopo hilo haliwezi kuwekwa miaka kabatini kama yale mawili mengine.

Lipige picha kwanza likiwa limefungwa, pamoja na namba au tarehe iliyogongwa chini yake. Halafu lifungue. Finya tumbaku kidogo kwa vidole: ikishikana kisha ikaachia taratibu, unyevu ni mzuri. Ikivunjika kama majani makavu, hewa iliingia zamani, labda ghalani, si kwa huyo mleta mzigo. Angalia pia ukungu. Ukungu una manyoya, mweupe au wa kijani, na unanuka kama chumba kilichofungwa masika nzima. Chembechembe zinazometa kama sukari juu ya jani ni kitu kingine, hizo huja zenyewe tumbaku ikikaa sana na hazina neno. Wengi hutupa tumbaku safi kwa kuchanganya hivi viwili.

Ikiwa imekauka tu, na duka limekubali kukupa jingine, usiitupe. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, pamoja na kipande cha udongo wa kuchoma kilicholowekwa kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled) na kufutwa nje. Kisigusane na tumbaku. Kiangalie kila baada ya saa 12, na mara nyingi siku moja inatosha. Ganda la chungwa ambalo watu hupenda kushauri liacheni jikoni, linaleta ukungu na harufu yake haitoki.

jirani_wa_kopo

Na kopo lililovimba juu je? Hilo nalo ni la kurudisha?

Bi_Kidawa

Si lazima. Tumbaku yenye sukari nyingi huendelea kuchacha ndani ya kopo na kutoa gesi, na mzigo ukipita milimani kopo huvimba zaidi. Lifungue taratibu, limegeuzwa mbali na uso. Harufu ya siki au ya matunda makavu kwenye tumbaku ya aina ya Virginia ni ya kawaida. Uvundo ndio wa kurudisha.

Katibu_wa_Oda

Sasa tuje kwenye kuandika, maana simu haiachi ushahidi. Barua pepe moja, fupi, yenye namba ya oda kwenye kichwa cha habari. Usianze na hasira wala historia. Mpangilio uwe hivi:

*"Oda namba fulani, imepokelewa tarehe fulani saa fulani. Kiko hakijavutwa. Kiliachwa saa 24 kwenye joto la ndani kabla ya kukaguliwa. Picha ya 1: kiungo cha mrija upande wa chini, rula ikiwa pembeni. Picha ya 2: upande wa juu. Picha ya 3: mwanga ukipenya upande mmoja. Picha ya 4: kopo lililoingia hewa na namba yake. Naomba kiko kingine cha aina hiyohiyo au nirudishiwe pesa yote pamoja na gharama ya kurudisha, na kopo moja jipya."*

Huo mstari wa mwisho ndio watu wanausahau. Wanaeleza tatizo kurasa mbili, hawasemi wanataka nini, kisha duka linawapa punguzo la asilimia 10 kwa oda ijayo wanabaki kununa. Sema unachotaka. Na anayesoma barua yako huenda ni mtu mwingine kabisa, si yule wa "mbao ndivyo zilivyo". Mpe cha kumwonyesha bosi wake.

Wape siku tatu za kazi. Wakikaa kimya, jibu juu ya barua ileile, usifungue mpya. Ikishindikana kabisa na ulilipa kwa kadi ya mkopo, sheria ya Marekani inakupa siku 60 tangu benki itume taarifa yenye malipo hayo kupinga kwa maandishi bidhaa isiyofika kama mlivyokubaliana. Lakini usikimbilie benki wakati duka bado linashughulikia, wengi husimamisha mazungumzo papo hapo na kufunga akaunti yako.

Mswahili_Leicester

Kwa walio Uingereza mambo ni tofauti kidogo. Ukinunua mtandaoni kwa duka la hukuhuku, una siku 14 tangu upokee kughairi bila kutoa sababu, kisha siku 14 nyingine za kurudisha. Kikiwa na kasoro, siku 30 za kukikataa na kurudishiwa pesa yote. Marekani haki hiyo ya kughairi bila sababu haipo kitaifa kwa vitu vya mtandaoni, kwa hiyo ukurasa wa masharti wa duka ndio mkataba wako. Usome kabla, hasa pale panaposema nani analipa posta ya kurudisha.

Na msimwombe muuzaji wa Marekani aandike "zawadi" kwenye mzigo wa tumbaku unaokuja huku. Tumbaku hutozwa ushuru hata ikiwa zawadi. Duka linalokubali kuandika uongo kwa ajili yako, jiulize linawaandikia nini wengine.

Fundi_Mrija

Kuhusu swali la pili la mwanzisha uzi, duka zuri linajulikana kwenye ukurasa wa bidhaa kabla hata hujaongea na mtu. Kila kiko kipigwe picha yake, si picha moja ya mfano kwa viko kumi, kwa kuwa mistari ya braya hailingani. Vipimo viwe vya milimita na gramu: urefu wote, uzito, kina cha bakuli, upana wa ndani. Upana wa milimita 18 hadi 20 na kina cha 35 hadi 40 ni wa kawaida. Uzito ukizidi gramu 60 utauona kwenye taya. Wakiandika wazi "kimezibwa vishimo viwili upande wa kushoto", hao ni waungwana. Vizibo kwenye kiko cha bei ndogo si kasoro, kuvificha ndiyo kasoro.

Kisha watumie swali dogo ambalo lazima mtu akishike kiko ndipo ajibu: "Waya unapita mpaka bakulini bila kuchomoa mrija?" Wakikujibu kwa kukutumia tena kiungo cha ukurasa uleule, umeshajua utahudumiwaje siku ya matatizo.

Chuga_Boy

Naongezea kwa wanaowinda mitumba. Vipo viko vilivyotengenezwa Arusha vyenye chapa iitwayo "Kiko" na alama ya tembo, kwa jiwe la miashamu (meerschaum, jiwe jepesi la kuchonga viko) kutoka Amboseli. Uliza kama bakuli zima ni jiwe au ni braya iliyotandikwa jiwe ndani, na kama kimevishwa ngozi, omba picha ya mishono kwa karibu, nyufa hujificha hapo. Muulize pia amekisafisha kwa nini. Akisema amekiloweka kwenye spiriti na chumvi kama braya, achana nacho.

Katibu_wa_Oda

Wa Marekani jambo la mwisho: umri wa kununua tumbaku ni miaka 21 tangu Desemba 2019, na duka makini litahakiki. Oda za watu wetu hukwama hapo kwa sababu ya majina matatu. Kwenye kadi upo Juma Hamisi, kwenye leseni Hamisi Juma Saidi, mfumo unakataa. Andika jina na anwani kama zilivyo kwenye leseni. Wakiomba picha ya kitambulisho, ziba namba, acha jina, sura na tarehe ya kuzaliwa. Mzigo ukihitaji saini ya mtu mzima, uelekeze mahali utakapokuwepo mchana.

Mgosi_Ohio

Mrejesho wakuu. Waya umepita kwa ncha iliyokunjwa. Upenyo wa chini umebaki baada ya saa 24, mwanga unapita upande mmoja tu. Nimeandika kama alivyoelekeza Katibu, wamejibu ndani ya saa tano: kopo jipya linakuja, na wametuma lebo ya kurudishia kiko kwa gharama yao. Hilo kopo lililolia nalirudisha pia?

Katibu_wa_Oda

Kama hawajaliomba, usilirudishe, hawawezi kuliuza tena. Kiko kirudishe kwenye mfuko wake wa kitambaa, ndani ya boksi lake, kisha boksi hilo ndani ya sanduku jingine lenye sentimita 5 za karatasi kila upande. Tikisa: ukisikia kinacheza, ongeza karatasi. Piga picha kabla ya kufunga, na usiondoke kaunta ya posta bila risiti yenye namba ya kufuatilia.