Mchezo wa miungu wa makabila: tuuendeshe WhatsApp au tukae mezani?

MwanaBarani (Malindi)
Assalam alaykum jamaa. Nataka kuanzisha mchezo wa kuigiza ambao kila mchezaji ni mungu wa kabila moja la kubuni. Mmoja analeta mvua, mwengine anawafunza watu wake kuchonga mitumbwi, mwengine anawatumia wazee ndoto. Makabila yanazaana, yanahama, yanapatana na kupigana vizazi kwa vizazi, na hadithi yote tunaitunga pamoja.

Nina njia mbili. Ya kwanza ni kundi la WhatsApp, kila mtu aandike zamu yake akipata nafasi. Ya pili ni kukutana kwetu kila Jumamosi baada ya alasiri, ramani mezani na dadu mkononi. Duka moja la uchapishaji limenipa bei ya ramani kubwa, Sh 900, na wanataka pesa kabla ya Ijumaa. Nilipe, au nibakishe hela yangu twende WhatsApp?

Kaskazi_Amu
Waalaykum salaam. Mko wangapi? Umri gani? Mnakaa mji mmoja? Na wewe ni msimulizi tu, yaani mwenye kuongoza hadithi na kuamua kesi, au nawe una kabila lako? Hujasema hata moja, na jibu lote limo humo.

FundiRamani
Usilipe. Ramani iliyochapishwa imeshamalizika, na utamu wa mchezo huu ni kuichora nyinyi wenyewe. Nunua karatasi ya manila na kalamu za rangi basi.

Upo mchezo wa bure unaitwa Dawn of Worlds, umejengwa hivyo hivyo. Mnaanza na karatasi tupu. Kila mungu zamu yake ikifika anarusha dadu mbili, jumla yake ndiyo nguvu aliyopata, akitaka anaiweka akiba, akitaka anaitumia kuumba mlima, kuzaa kabila au kuamrisha vita. Kuna enzi tatu. Enzi ya kwanza kuumba ardhi ni rahisi, lakini kadiri enzi zinavyosonga mlima unakuwa ghali, na kuwasukuma watu ndiko kunakuwa nafuu. Hapo utaona miungu waliokuwa wakichezea bahari wanaanza kugombania kisima kimoja. Mimi nimeucheza mara tatu na kila mara dunia ilitoka tofauti kabisa.

Binti_Shela
Ndugu yangu MwanaBarani, WhatsApp usiingie. Wacha nikueleze yaliyonipata.

Tulikuwa watu sita. Mimi nilikuwa mungu wa kabila la wakata mikoko, wanakaa mdomo wa mto, wanauza boriti kwa wageni wa jahazi. Nilililea kabila lile miezi miwili. Nilikuwa na bibi mmoja mkunga anayejua kuyasoma maji, nilikuwa na watoto wawili pacha waliotabiriwa watakuja kujenga mji. Kila usiku baada ya isha naandika, nafuta, naandika tena.

Basi ikaja harusi ya binamu yangu. Siku mbili sikugusa simu, na niliwaaga kundini kabisa kwamba sitakuwepo. Nikarudi nikakuta ujumbe 214. Mungu wa mvua alikuwa ameamka saa nane usiku akaandika gharika. Mwenziwe akamjibu kwa upepo, huyu akaongeza, yule akaongeza. Msimulizi yuko kazini, akaweka dole gumba juu ya ujumbe mmoja, wao wakahesabu kuwa ni idhini. Kufika asubuhi mdomo wa mto hauko. Bibi mkunga amekufa. Wale pacha wamekufa kwa mstari mmoja: "na watu wa pwani wakazama."

Wallahi nililia. Sikulilia kushindwa, maana kuzama kabila ni sehemu ya hadithi. Nililia kwa sababu wamezama mimi sipo, sikupewa hata nafasi ya kuwapandisha mlimani. Nilipouliza nikaambiwa "zamu yako ilipita." Wawili wakanitetea, maneno yakawa makubwa, wakatoka, na kundi likafa.

Kwa hiyo ukienda WhatsApp, weka sharti hili kabla ya jengine lolote: hakuna mungu anayegusa kabila la mwenziwe mpaka mwenyewe ajibu. Siku ngapi atasubiriwa, mpatane mwanzo. Mezani jambo hili halitokei kwa sababu mtu uko naye jicho kwa jicho.

Kaskazi_Amu
Pole sana dada. Lakini kosa hapo ni la msimulizi, WhatsApp haina lawama. Mimi naendesha kwa maandishi mwaka wa pili huu, kwenye Discord, programu ya mazungumzo ambayo kundi moja linagawika vyumba. Kila kabila lina chumba chake, na kuna chumba kimoja cha matukio ambacho naandika mimi peke yangu. Kisichoandikwa humo hakijatokea. Gharika ile kwangu ingekaa kama nia tu hadi Ijumaa, siku ninayofunga zamu.

Binti_Shela
Sawa, lakini si kila mtu ana bando la Discord.

MzeeWaKomwe
Vijana, mbona mnakimbilia dadu? Dadu ni bahati tupu, na nyumba nyingi huku kwetu mzee akisikia dadu zinagonga meza atauliza kama ni kamari. Chukueni kete za bao. Bao zima lina kete 64, mkiwa nane, kila mungu anaanza na kete nane. Unataka mvua? Weka kete mbili katikati ya meza. Unataka kuzuia mvua ya mwenzako? Weka tatu. Kete zilizotumika zinarudi kwa miungu ambao watu wao wamewaomba zamu ile. Kila mtu anaona mwenzake amebakiwa na nini, na hapo ndipo akili inapofanya kazi.

FundiRamani
Mzee wangu, shikamoo. Bila bahati, mwenye akili ya bao atawameza wote siku ya kwanza. Dadu inampa nafasi mtoto wa miaka 14.

MzeeWaKomwe
Marahaba. Mtoto wa miaka 14 mfunze kuhesabu kete. Mimi nilikaa barazani na watu wazima nikiwa na kumi.

Ustadh_Langoni
Assalam alaykum. Nasema kwa upole na sitaki ugomvi. Mchezo wenyewe naona una faida, unafunza kutunga na kusubiri zamu. Neno "mungu" ndilo linalonitia uzito, hasa mtoto mdogo akitoka nje akisema "mimi ni mungu wa mvua." Mbona msiwaite walinzi, au wahenga wa kabila? Kazi ni ile ile.

FundiRamani
Ustadh, nakuheshimu, lakini mlinzi anaweza kuamrisha mlima? Jina likipungua na uwezo unapungua.

Kaskazi_Amu
Mimi natumia "wenye" tu. Mwenye mvua, mwenye misitu, mwenye njia. Wazazi hawajalalamika, na mchezo haukupungua kitu.

Ustadh_Langoni
Hilo la "mwenye" limenituliza. Jazakallah.

MwanaBarani
Samahani nilikuwa kazini. Majibu: tuko saba. Watano Malindi, wawili Lamu. Umri ni kuanzia 14 hadi 31. Na mimi nilitaka kuwa na kabila langu pia. Nilisahau kusema, makabila nimepanga yawe tisa kama Mijikenda wa hapa pwani, majina nichukue ya kaya zenyewe, ile misitu yao mitakatifu, na kila kabila likipoteza kiongozi linasimamisha kigango, nguzo ya kuchongwa ya kumkumbuka marehemu.

MjukuuWaKaya
Hapo kwenye kigango nakuomba usimame kidogo. Mimi ni Mgiriama. Kigango hachongewi kila mtu, ni cha mzee aliyekuwa katika Gohu, chama cha wazee wenye heshima, na kikishasimama hakihamishwi. Vimeibwa vingi vikauzwa nje kama mapambo, vikaonekana kwenye makumbusho ya Marekani, na kurudisha vichache tu kumechukua miaka. Familia zilizoibiwa bado zipo, si hadithi ya zamani. Kaya nazo, hata kama misitu ile iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2008, kwetu si mandhari ya watalii. Kaya Fungo bado ina wazee wake na miiko yake. Na sisi Mulungu ni mmoja, kwa hiyo kutugawia miungu tisa si sawa hata kidogo.

Ukitaka kujifunza kwetu, chukua mpangilio: watu wanahama kwa sababu ya vita, wanajificha msituni, wanaweka kijiji katikati na njia chache za kuingia. Hayo yanafaa mchezo. Majina tunga yako.

MwanaBarani
Nimekuelewa ndugu, na nisamehe. Majina nabadilisha leo, kigango natoa.

Kaskazi_Amu
Na kabila lako mwenyewe litoe pia. Msimulizi ukiwa na watu wako, siku utakayoamua kesi ya kisima hakuna atakayekuamini.

FundiRamani
Mimi sikubaliani. Kwenye Dawn of Worlds hakuna msimulizi, wote ni miungu na mambo yanakwenda.

MzeeWaKomwe
Jambo jengine, zamu moja iwe muda gani? Msihesabu miaka. Hesabuni pepo. Zamani kaskazi ikivuma majahazi yalishuka kutoka Uarabuni, kwa hiyo zamu ya kaskazi ni ya wageni, biashara na ndoa. Kusi ikishika majahazi yalipanda kurudi, na Juni na Julai bahari inachafuka watu wanakaa nchi kavu, basi zamu ile ni ya mambo ya ndani: kilimo, ugomvi, mazishi.

Kaskazi_Amu
Hili naliiba leo leo. Na upepo wa matlai muupe nini?

MzeeWaKomwe
Matlai ni ya wavuvi. Iacheni kwa mwenye samaki.

FundiRamani
Na kabila la barani lisilojua bahari litahesabu vipi? Hawa wahesabu mvua, masika na vuli. Makabila mawili yenye kalenda mbili yakikutana sokoni, hapo pana hadithi.

MwanaBarani
Jamani, Ijumaa ni kesho. Wale wawili wa Lamu watafanyaje nikichagua meza? Boti hadi Mokowe kisha basi hadi huku kila Jumamosi hawawezi. Niwaweke kwa simu ya video?

Binti_Shela
Video mtandao ukikatika watapitwa na zamu, tutarudi kule kule. Wape wawili hao kisiwa chao, wacheze meza yao huku, na nyinyi yenu, ramani mtumiane picha kila Jumapili. Wa tatu wa Lamu kama nafasi ipo ni mimi. Nataka mdomo wa mto na wakata mikoko wangu.