Kipindi cha moja kwa moja na mjadala wa maandishi: tuvipangeje?

Mkufunzi, Dodoma
Ndugu wakufunzi, wanafunzi wangu wengi ni walimu walio kazini, na intaneti yao hutegemea vifurushi vya simu. Tukiwa na Moodle (mfumo wa kufundishia mtandaoni) yenye jukwaa la mijadala pamoja na BigBlueButton (programu ya vipindi vya video vya moja kwa moja), ni lipi lifanyike kwa pamoja na lipi kila mmoja alifanye kwa wakati wake?

Mhadhiri, Morogoro
Mihadhara irekodiwe mapema kwa vipande vifupi vya sauti, na kipindi cha pamoja kibaki cha maswali, kwa sababu video ndiyo inayomaliza kifurushi upesi. Mjadala wa maandishi una faida ninayoithamini zaidi: mwanafunzi mwenye haya hupata muda wa kuipima hoja yake kabla ya kuiandika.

Mwanafunzi, Kigoma
Naafiki, ila mjadala ambao mwalimu haujibu hufa. Tafadhali, mwalimu, fungua mada siku kadhaa kabla ya kipindi, kisha uanze kwa hoja tulizoandika.

Mkufunzi, Dodoma
Nashukuru. Je, asiyehudhuria kipindi apunguziwe alama?

Mhadhiri, Morogoro
Hapana, maana si haki kumwadhibu mtu kwa kukatika kwa umeme. Asikilize rekodi, kisha achangie mjadala ndani ya wiki hiyo.