MREJESHO: Kikapu cha mteja mmoja kuonekana kwa mwingine

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini, kwenye duka langu la mtandaoni, mteja akiweka bidhaa kikapuni, mwingine mwenye akaunti yake tofauti anaziona. Mlilenga palepale: nilikuwa nimehifadhi kikapu kwenye kigeu cha jumla (global variable, sehemu ya kuhifadhi data inayofikiwa na programu nzima), juu kabisa ya faili la Node.js (mfumo wa kuendesha JavaScript kwenye seva), na kigeu hicho ni kimoja kwa maombi yote yanayofika kwenye seva. Nyumbani nilikuwa najaribu peke yangu, ningeonaje?

Sasa kikapu kiko kwenye sesheni, yaani kumbukumbu ambayo seva inamtunzia kila mteja peke yake. Kuki (data ndogo inayokaa kwenye kivinjari cha mteja) inabeba namba ya sesheni tu. Orodha ya bei, kwa kuwa ni ya wote, nimeiacha kwenye kigeu cha jumla. Nikafungua vivinjari viwili, akaunti mbili: kila mmoja na chake.

Furaha ikakatika tulipoongeza seva ya pili. Watu wakawa wanatolewa ovyo kwenye akaunti zao, kwani sesheni zilikaa kwenye kumbukumbu ya seva moja. Aliyeshauri Redis (hifadhi ya data ambayo seva zote zinaweza kuitumia kwa pamoja) nilimpuuza, samahani mkuu. Nimeiweka jana, kumetulia.

Kilichobaki: nikibadilisha bei, seva moja hung'ang'ania ya zamani hadi niiwashe upya. Hilo bado. Asanteni sana.