Kikundi cha familia zenye mtu wa pombe, Kadutu, Bukavu: tuanzie wapi?

Mama wa Kadutu:
Jambo wapendwa. Shirikani kwetu tunataka kuanzisha kikundi cha familia zenye mtu aliyetekwa na pombe: wake, wamama wa vijana wanaokunywa, hata watoto wakubwa. Kwa sasa tunawapa unga, tunaomba nao, na tunalipa deni la kasiksi (pombe ya ndizi) ili mwenye nganda, yaani baa, asilete fujo nyumbani. Kila mwezi deni linarudi. Tuache nini, tuanze nini? Wengine wanashauri mlevi afungiwe ndani siku tatu bila pombe. Ni sawa?

Munganga wa Bagira:
Mama, naanza na hilo la mwisho kwa sababu linaua. Mtu anayekunywa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, kila siku, ambaye asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza, msimfungie. Mwili wake umeshazoea. Pombe ikikatwa ghafla, jasho na kutetemeka vinaanza baada ya saa 6 hadi 8, degedege inaweza kuja ndani ya saa 48, na kuanzia siku ya pili au ya tatu akili inaweza kuvurugika kabisa: anafukuza wadudu wasiokuwepo ukutani, anaongea na watu usiowaona. Hapo ndipo familia nyingi zinasema ni mashetani na kumpeleka chumba cha maombi, naye anazidi kukauka maji. Ombeni, lakini mkiwa njiani kwenda hospitali.

Hospitalini au SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili cha Bukavu, atapewa diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa siku kwa siku, pamoja na vitamini B1. Waambieni wazi kwamba ni mnywaji na kwamba hakuwa anakula vizuri, maana serumu ya glukozi (maji ya sukari ya mshipani) ikitangulia B1 inaweza kumuumiza ubongo. Degedege ikimshika nyumbani, mlazeni ubavu, ondoeni viti karibu naye, msitie kijiko mdomoni.

Akilalamika kwamba anaona ukungu siku moja baada ya kunywa kanyanga, msidhani ni kichwa cha pombe ya jana. Inaweza kuwa methanoli, pombe yenye sumu, na macho yanaweza kupotea moja kwa moja. Mkimbizeni usiku huohuo. Na disulfiramu, dawa inayomfanya mtu aumwe akinywa pombe, isitiwe kamwe kwenye chakula chake kwa siri: akinywa pombe juu yake, presha inaweza kuanguka na moyo ukayumba.

Dada wa Nyawera:
Deni acheni kulilipa mwezi huuhuu. Mwenye nganda akijua shirika litalipa, kwa nini asikopeshe? Mke aende mchana, na mtu mmoja wa kumsindikiza, aseme kwa upole: «Kuanzia leo sitalipa tena anachokunywa bwana yangu.» Unga uendelee, watoto hawana kosa. Minerval (karo) ipelekwe shuleni siku ileile hela inapopatikana, na risiti ibaki kwa mama. Namba ya siri ya M-Pesa ibadilishwe. Mke asipige simu kazini kusema bwana ana malaria, wala asimtume mtoto kumfuata baba nganda usiku.

Kuongea naye kuna saa yake: asubuhi, akiwa mkavu, yaani hajanywa, na ameshakula. Tukio moja, maneno machache: «Jana ulianguka mlangoni, watoto wakalia. Nataka twende wote kwa munganga Jumatano.» Asifukue ya miaka kumi. Siku akirudi mkavu, mke akae naye, wale pamoja, wapige stori. Akirudi amelewa, asigombane wala asimbembeleze, aende akalale na watoto.

Njia hii inaitwa CRAFT, aliitunga Robert Meyers huko Marekani. Katika utafiti uliotolewa 1999, walevi 64 kwa 100 waliokuwa wamekataa matibabu waliyaanza baada ya ndugu zao kufundishwa hivi. Kwa ndugu waliopelekwa njia ya Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi wanaosaidiana, walikuwa 13.

Lakini penye kipigo, msimfundishe mke maneno ya asubuhi. Kwanza mfuko wa kukimbia nao uwekwe kwa jirani anayeaminika: kadi ya uchaguzi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, bulletini za shule, nguo, hela ya pikipiki.

Kaka wa Panzi:
Dada, hesabu ni kweli, ila Al-Anon, iliyoanza 1951, haikuundwa kumpeleka mlevi hospitali. Inamshika anayeishi naye, ambaye halali na anajilaumu. Njia zote mbili zinahitajika.

Mama, kutaneni kila wiki, saa moja au moja na nusu, mahali ambapo mlevi hapiti. Kila mtu aongee dakika tano hivi kuhusu yeye mwenyewe, bila kukatwa na bila kupewa shauri. Hapo ndipo vikundi vinapovunjika: mkubwa mmoja anaanza kuhubiri, mwanamke anasikia kama anahukumiwa, wiki ijayo haji. Linalosemwa ndani lisitoke, hata kwa padri. Ajuza mmoja akilitoa sokoni Kadutu, kikundi kimekwisha.

Mama wa Kadutu:
Asanteni sana. Tuna AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, palepale shirikani. Tuviunganishe?

Kaka wa Panzi:
Hapana, mama. Mwenye deni la AVEC ataona haya kuja, na huyo ndiye mnayemtafuta. Siku tofauti, daftari tofauti, na kwenye kikundi msiandike majina.